Nani kawaambia kwamba ngumu ndiyo tamu?



Nimeadimika kidogo, mniwie radhi. Niko nyumbani Nansio kwa likizo ya wiki mbili, mbali na mhariri na simu zake za alfajiri, na nilikuwa nimejiapiza kwamba safari hii sitaandika kitu chochote zaidi ya jina langu kwenye orodha ya abiria wa meli. Lakini swahiba yangu mmoja wa Dar, msomi mwenzangu ambaye tuligawana chumba chuoni kwa miaka mitatu, kanichokoza. Kanitumia orodha. Imenikera kiasi kwamba sato wangu amepoa mezani na mama ameshaniuliza mara mbili kama naumwa.

Orodha yenyewe inahusu gemu. Najua kuna watakaoishia hapa: mwandishi wa habari mzima, nchi ina mambo chungu nzima, yeye anatuletea magemu! Subirini kwanza. Sisi ambao tunaweza kumaliza Jumatatu nzima tukibishana kama penalti ya Simba na Yanga ilikuwa halali hatuna ubavu wa kumcheka anayebishana kuhusu gemu.

Kwa wasioijua, gemu yenyewe inaitwa PaRappa the Rapper. Ilitoka Japani Desemba 1996 kwa ajili ya PlayStation ya kwanza kabisa. Aliyeiongoza ni mwanamuziki, Masaya Matsuura, na michoro ni ya Mmarekani Rodney Greenblat, ndiyo maana wahusika wote ni bapa kama waliokatwa kwenye karatasi. PaRappa ni mbwa mdogo mwenye kofia, anampenda binti anayeitwa Sunny Funny ambaye ni ua, na kila akikwama kwenye maisha anatokea mwalimu wa kumfundisha jambo kwa kurap. Mwalimu anaimba mstari, wewe unaujibu kwa kubonyeza vitufe vya padi, pembetatu, duara, mraba na kadhalika, ndani ya mdundo. Mwalimu anaita, unaitikia. Yeyote aliyewahi kusimama pembeni ya ngoma, au kukaa kwenye kwaya, anaielewa gemu hii kabla hajaelezwa.

Ina hatua sita tu. Ya kwanza mwalimu ni kitunguu anayefundisha karate. Ya pili ni masomo ya udereva. Ya tatu PaRappa ameshagonga gari la baba yake, anatafuta hela mnadani kwa chura anayeimba rege. Ya nne anajifunza kupika keki kwa kuku mwenye kipindi cha mapishi kwenye runinga. Ya tano, na hapa ndipo nilipompenda huyu mtunzi, PaRappa kabanwa na haja kubwa, kuna choo kimoja, na kwenye foleni wako walimu wake wote wanne. Lazima awashinde mmoja mmoja kwa kurap ili apite. Ya sita ni jukwaani, mbele ya watu.

Sasa swahiba akazipanga kwa ugumu: ya nne, ya tano, ya sita, ya pili, ya tatu, ya kwanza. Sina ugomvi mkubwa na hapo. Ugomvi wangu ni mstari wa chini. Nilitegemea orodha ya pili, ya utamu. Badala yake kaandika: "Orodha ya utamu ni hiyo hiyo, kwa sababu kitu rahisi hakiwezi kuwa kitamu."

Hiyo hiyo!

Ndugu zangu, ugonjwa huu naujua ulikoanzia, kwa sababu hata mimi niliuugua. Mkumbuke tulivyokuwa chuoni. Kozi haikusifiwa kwa kile ilichokufundisha. Ilisifiwa kwa idadi ya waliodisko. Mtu anakwambia kifua mbele, "Sisi mwaka wa kwanza tuliingia tisini, tukabaki hamsini," utadhani anasimulia vita vya Kagera. Mhadhiri aliyeeleweka alionekana mwepesi. Yule aliyeingia, akaujaza ubao, akatoka bila kugeuka, huyo ndiye tuliyemwita "kichwa". Tukahitimu tukiwa tumeshika imani moja tu kwa uhakika: kinachoumiza ndicho chenye thamani. Na imani hiyo tumeingia nayo kwenye muziki, kwenye vitabu, na kumbe hata kwenye mbwa wa katuni anayetafuta choo.

Si swahiba peke yake. Dunia nzima ya magemu ya mdundo imeambukizwa. Mwaka 2007 ilipotoka Guitar Hero III, wimbo uliozungumzwa kuliko yote ulikuwa wa kundi la DragonForce, Through the Fire and Flames. Ulizungumzwa kwa sababu moja: noti zinamiminika kama mvua ya masika, na watu wakajirekodi wakiumaliza, wakaweka YouTube, wengine tukakaa tukiangalia vidole vya watu. Muulize aliyeangalia akuimbie wimbo wenyewe. Anakumbuka vidole tu.

Halafu zikaja hizi za simu. Piano Tiles ya mwaka 2014 nadhani nusu yenu mmeicheza kwenye daladala. Pale hata mdundo haupo. Noti inalia wewe unapogusa, uguse mapema, uguse kwa kuchelewa, kinachotakiwa ni kasi na kutokugusa sehemu nyeupe. Ni mashindano ya kuchambua mchele kwa haraka, yamevalishwa nguo ya piano. Na msiseme nachukia kasi. Singeli ya kule Manzese na Tandale inakwenda mapigo mia mbili na ushee kwa dakika na mtu anacheza, anakata nyonga, hakosi hata pigo moja. Kule kasi inapanda ikiwa imeushika mdundo. Ndiyo tofauti.

Lakini haya ningeyasema kwa utani tu, nikamalizia na sato wangu, kama si jambo lililotokea hapa nyumbani wiki iliyopita. Na katika jambo hili mkosaji ni mimi.

Nina mdogo wangu wa miaka kumi na mitatu. Huyu bwana ndiye anayepiga ngoma kwenye kwaya ya watoto kanisani. Nilikuja na PlayStation 4 ya mtumba niliyoinunua Mwanza, nikiwa nimeshaipakua PaRappa, toleo lile lililosafishwa la mwaka 2017. Nikaichomeka kwenye runinga ya sebuleni, flati ambayo mimi mwenyewe nilimletea mama kwa mbwembwe zote baada ya mshahara wa kwanza. Nikampa dogo padi.

Akaanguka. Akarudia, akaanguka. Kitunguu alimpita kwa kubahatisha, udereva ukamshinda kabisa. Gemu hii ina ngazi nne za kukupima, Cool juu, Good, Bad, na Awful chini kabisa, na dogo alikuwa anateremka hizo ngazi kama aliyeteleza kwenye gati. Mimi nilikuwa napita. Kwa shida, lakini napita. Basi kaka mkubwa, mhitimu, mtu wa gazeti, nikamwambia nikiwa nacheka: "Dogo, wewe mdundo huna. Kanisani wanakuvumilia tu."

Alicheka na yeye. Jumapili iliyofuata nikamwona amekaa kwenye benchi na waimbaji. Ngoma alikuwa anapiga mtoto mwingine.

Sikuuliza. Nilifikiri ni zamu.

Siku mbili baadaye mama akaitaka runinga yake kwa ajili ya tamthilia, na kwenye tamthilia mama habishiwi. Tukatoka, tukaenda kwenye kibanda cha gemu huku chini kuelekea sokoni. Mnavijua vibanda hivi: mabati, benchi mbili, PlayStation 2 zilizochoka, watoto wamejazana kwenye mpira, mwenye kibanda anapokea sarafu mlangoni. Runinga zake zote ni za chogo, zile nzito za zamani ambazo watu wa mjini wameshazitupa. Kwenye lundo la sidii zake nikaikuta PaRappa, imeandikwa kwa kalamu, imekosewa jina, ilikuja na furushi kutoka Mwanza na hakuna mtu anayeicheza. PlayStation 2 inasoma sidii za PlayStation ya kwanza, kwa hiyo tukaiweka.

Dogo akampita kitunguu mara ya kwanza. Akapita udereva. Kwenye rege ya chura watoto wa mpira wakaanza kugeuka. Akaniangalia, akasema, "Kaka, hii inasikia."

Mimi sasa ndiye niliyekuwa nakosea! Nilikuwa nabonyeza mapema kila mahali.

Nikarudi nyumbani nikiwa na maswali. Usiku mama alipolala nikafanya jaribio la kienyeji: nikaweka simu irekodi video ya kidole changu kwenye padi na sauti inayotoka kwenye runinga, kisha nikaitazama taratibu. Kidole kinagusa, sauti inakuja baadaye. Kwa macho ya kawaida huoni kitu, ila ukiirudisha polepole lile pengo lipo. Kwenye chogo nilijaribu kesho yake na pengo sikuliona.

Sababu yake si uchawi. Runinga ya chogo haina pa kuihifadhi picha, kinachoingia kwenye waya kinachorwa papo hapo kwenye kioo, mstari kwa mstari. Flati kwanza inaipokea picha nzima, inainyoosha ijae kioo, inaipaka rangi, inailainisha, kisha ndiyo inakuonyesha, na sauti nayo inacheleweshwa ili viende pamoja. Kazi hiyo inachukua makumi ya milisekunde, na kwa runinga nyingine inavuka 100. Kwa kuangalia tamthilia haikupunguzii kitu. Kwa mdundo ni maafa. Chukua wimbo wa mapigo 100 kwa dakika: kutoka pigo hadi pigo ni milisekunde 600, na ukiligawa pigo mara nne, kila kipande ni milisekunde 150. Runinga ikikuchelewesha milisekunde 100 imekula theluthi mbili za kipande. Spika za masikioni zisizo na waya ndiyo usiseme, nyingi zinachelewa zaidi ya hapo.

Sasa tazameni kinachotokea. Mtoto mwenye sikio zuri anasikia pigo, anabonyeza juu ya pigo. Lakini pigo analosikia limeshapita ndani ya mashine. Gemu inamhesabu amechelewa. Akizidi kuwa mwaminifu kwa anachokisikia, anazidi kufeli. Anayefaulu ni yule ambaye hasikilizi, yule aliyekariri kwamba hapa unabonyeza kabla. Yaani mimi. Flati ile ilinifundisha kukosea mdundo na kunipa maksi kwa kukosea, halafu nikamgeukia mpiga ngoma nikamwambia hana mdundo.

Watengenezaji wenyewe walikuja kuligundua hili. Rock Band 2 ya mwaka 2008 ilikuja na gitaa lenye uwezo wa kuipima runinga yako na kurekebisha lile pengo. PaRappa ya 1996 haikuhitaji, dunia nzima ilikuwa na machogo. Lakini walipoirudisha mwaka 2017 kwenye zama za flati, wachezaji wengi wakalalamika kwamba mdundo haushikiki.

Na swahiba wangu kacheza wapi? Nikampigia. Kacheza toleo la 2017, kwenye flati ya inchi hamsini na tano, Kinondoni. Kwa hiyo naomba tuitazame upya orodha yake ya ugumu. Hatua ya nne, ya kuku na keki, ina maneno mengi yaliyobanwa kwenye nafasi ndogo. Pale vitufe vinapokaribiana, kuchelewa kidogo kunakusukuma mpaka kwenye kitufe cha jirani. Kwenye hatua ya kitunguu vitufe vimeachana, kuchelewa kule kule kunasameheka. Basi sehemu kubwa ya alichokipima ni runinga yake. Kapima ubovu wa runinga, kauita ugumu, kisha ule ugumu akauita utamu!

Swali langu la pili kwake ndilo lililommaliza. Nikamuuliza, "Umepata Cool kwenye hatua ngapi?" Kimya kidogo. "Zote nimemaliza kwa Good." Nikamuuliza tena, Cool ngapi. Hakuna.

Hapa lazima nieleze, maana ndipo ulipo moyo wa gemu hii. Ukimfuata mwalimu sawasawa, kitufe kwa kitufe, unabaki Good. Unapita, lakini Good. Ili upande Cool ni lazima uongeze vyako: uchanganye vitufe, urudie mahali asiporudia yeye, uruke, ujaze, alimradi hutoki kwenye mdundo. Ukifika huko mwalimu anaondoka jukwaani, anakuachia. Hakuna tena vitufe vya kufuata. Unapiga unavyotaka, na ukipoteza mdundo unarudishwa chini. Matsuura mwenyewe, kwa jinsi alivyoijenga gemu, ametuambia nini kikubwa: ngazi ya juu kabisa kawapa wanaojiongeza ndani ya mdundo. Swahiba kapanga utamu wa nyumba ambayo hajavuka sebule yake.

Wazee wa upande wa pili wa maji walilijua hili kabla ya umeme. Kwa Wasukuma kuna vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyoanzishwa karne ya 19 na wachezaji wawili mahasimu, Ngika na Gumha, ambao walikuwa waganga pia. Mashindano yao yanakwenda hivi: vikundi viwili vinacheza wakati mmoja, viwanja viwili jirani, na watu wako huru kutembea. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Basi. Umati ndio maksi. Nilitumwa mwaka mmoja kuandika Bulabo, ile sikukuu ya mwezi Juni pale Bujora, Kisesa, ambayo mizizi yake ni maandamano ya Ekaristi na ilikuzwa kuanzia miaka ya 1950 na padri David Clement. Nilikwenda na kijitabu changu nikitafuta "habari", nikaishia kusimama kwenye vumbi saa nne nikiangalia watu wanavyohama.

Na wanahama kwa sababu. Nilimwona mchezaji mmoja wa chatu, nyoka mzito amezungushiwa shingoni, jambo ambalo kwa ugumu hakuna anayebisha. Umati ukajaa. Lakini akawa anashughulika na nyoka, miguu ikaacha ngoma, watu wakaanza kuchungulia upande wa pili. Upande wa pili walikuwa wanacheza bugobogobo, ngoma ya majembe. Ukiitazama miguu ya bugobogobo unasema hata mimi naiweza: ni mdundo wa kulima, umetoka shambani. Kisha jembe linarushwa juu, linazunguka, linadakwa na pigo linalofuata, mkono na ngoma vinafika pamoja. Pale nilihama hata mimi, na kijitabu changu. Jembe lililodakwa nje ya pigo lingekuwa jembe lililodakwa tu.

Haya, na mimi nipange zangu, msije mkasema nabomoa tu.

Kwa utamu, ya kwanza ni ya kwanza. Ndiyo, kitunguu wa karate, ile ambayo swahiba kaiweka mkiani. Mdundo wake mpana, vitufe vichache, na kwa sababu hiyo hiyo una nafasi ya kuweka vyako. Ni hatua niliyoicheza zaidi ya mara hamsini na haijawahi kutoka sawa mara mbili. Urahisi wake ni uwanja mtupu, na uwanja mtupu ndio unaochezewa ngoma.

Ya pili kwa utamu ni ya tano, ya foleni ya choo. Hii ni ngumu kweli, kwenye flati na kwenye chogo, na ugumu wake naupenda kwa sababu una maana: kila mwalimu anarudi na mtindo wake, kwa hiyo unaulizwa yale uliyofundishwa, na PaRappa amebanwa kwelikweli, haraka yake ni haraka yako. Halafu mniambie nani hajawahi kuwa kwenye foleni ile. Wenye kusafiri na meli ya usiku mnanielewa.

Ya tatu ni rege ya chura. Ya sita, ya jukwaani, nzuri ila ndefu, naiweka ya nne. Udereva ni wa tano, sina la kusema.

Ya mwisho ni kuku na keki yake. Hata kwenye chogo, ambako dogo ameshaipita, bado inakimbizana na maneno, hakuna pa kuvuta pumzi, ukitaka kuongeza chako unakuta mahali pameshajaa. Unaimaliza ukiwa umechoka na ukishukuru imekwisha. Swahiba anasema ile shukrani ndiyo utamu. Mimi nasema hata anayeng'olewa jino hushukuru.

Niwe mkweli kwenye jambo moja, maana nimemwelemea sana. Swahiba alisema mwishoni kwamba bila ugumu mtu anachoka haraka, na akanipa mfano wa mtoto anayecheza gemu ile ile ya rahisi mpaka anaiacha. Hapo ana haki. Kitunguu wangu angekuwa anataka kuitikiwa tu, bila ile ngazi ya Cool, ningeshamsahau. Kuna ugumu ninaoutaka, ule wa kulidaka jembe kwa wakati wake. Huo haupo kwenye orodha yake kwa sababu hauonekani kwa kuhesabu mara ulizoanguka.

Jumapili hii nilimuuliza dogo kwa nini alikaa kwenye benchi. Hakutaka kusema. Baadaye njiani, tukiwa tumebeba maji, akasema, "Si ulisema wananivumilia." Nikamweleza yote ya runinga, na milisekunde, na ile video ya kidole. Akasikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza kama nimeshamweleza na mwalimu wa kwaya.

Sijamweleza. Nitakwenda kesho mazoezi yakianza, na nimeambiwa nisiende na lugha ya gazeti.

Jambo la mwisho linalonikosesha usingizi ni kibanda. Mwenye nacho ananiambia kwa furaha kwamba mwezi ujao anakwenda Mwanza kuchukua flati mbili, na machogo yote atamuuzia mtu wa vyuma chakavu kwa kilo. Nimembishia sana. Nimemwambia hayo machogo ndiyo runinga pekee hapa mjini zinazosikia. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akasema, "Mwandishi, zinakula umeme, na wateja wanataka mpira ung'ae." Tumekubaliana aniwekee moja, nimeshampa kishika uchumba cha elfu tano. Itabidi ipande meli na mimi. Mama ameuliza litakaa wapi hilo jiwe kwenye chumba changu cha kupanga Mwanza, na sijapata jibu bado.